Maswali na Majibu ya Gari: Filta ya Koni, Vumbi la Kusini na Boksi la Kiwandani

Maswali yaliyotufikia safari hii yanahusu jambo moja, nalo ni mfumo wa kuvuta hewa unaouzwa madukani ili uchukue nafasi ya ule uliokuja na gari: bomba la alumini au la plastiki, na mwishoni mwake filta ya koni, mara nyingi nyekundu au ya buluu. Nimeyapanga ili majibu ya mwanzo yarahisishe yanayofuata.

Shikamoo. Nina Toyota IST ya cc 1500 ambayo naitumia kwenda kazini Mtwara mjini, na mara mojamoja huenda nayo Masasi. Muuza spea ameniambia kwamba nikifunga filta ya koni gari litaongeza nguvu na litapunguza ulaji wa mafuta. Je, ni kweli? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba. Kuhusu nguvu, kuna ukweli kidogo. Kuhusu mafuta, sioni ukweli wowote.

Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, kwa hiyo lita moja ya mafuta huungua pamoja na zaidi ya lita 9,000 za hewa. Ukitembea kwa utulivu kwenye lami, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, cc 1500 haziwezi kuvuta zaidi ya lita 1,500 za hewa kwa dakika, na kwa kuwa throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) inakuwa imefunguka kidogo tu, kiasi halisi huwa chini sana ya hapo. Filta ya kiwandani imetengenezwa kwa kufikiria mizunguko 6,000, ambako injini hiyohiyo ingeweza kuvuta hadi lita 4,500. Maana yake ni kwamba katika mwendo wako wa kila siku kinachoizuia hewa ni throtoli, ambayo unaifungua na kuifunga wewe mwenyewe kwa mguu, wala si filta.

Upande wa mafuta, kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia, hutoa petroli inayolingana nayo, kisha husahihisha kwa kusoma sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha matokeo ya majaribio ya magari ya kisasa ya petroli yaliyofungwa filta zilizozibwa kwa makusudi: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiwango cha maana, bali kilichopungua ni uwezo wa gari kuchomoka. Ikiwa filta iliyoziba haikuongeza ulaji, filta iliyo wazi zaidi itaupunguzaje?

Tunabaki na nguvu. Mfumo uliotengenezwa vizuri unaweza kuongeza nguvu chache za farasi katika mizunguko ya juu kabisa, mahali ambapo IST yako haifiki isipokuwa unapolipita lori. Hata hizo chache hupotea ikiwa koni imeachwa wazi ndani ya boneti, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi: kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka hupunguza takriban asilimia 1 ya uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda. Siku ya Novemba nje kuna nyuzi 32. Koni iliyokaa nyuma ya rejeta ikivuta hewa ya nyuzi 60, umeshapoteza asilimia 8 kabla hujapata faida yoyote. Boksi la kiwandani huvuta hewa ya mbele ya gari, nje ya joto hilo. Waliolibuni hawakuwa wavivu, na kwa gari lako ushauri wangu ni kuliacha.

Mimi nimeshaamua kununua, kwa hiyo naomba usinikataze. Nichague kwa vigezo gani? (Kijana wa Lindi mjini, mwenye Toyota Premio)

Sikukatazi. Anza kwa kuuliza hewa inatoka wapi, kabla ya kuangalia rangi na jina. Chagua mfumo ambao filta yake imo ndani ya boksi lililofungwa, au angalau umezungushiwa ukuta unaogusa boneti kwa mpira, na ambao mdomo wake unavuta kutoka mbele. Koni isiyo na kizuizi chochote cha joto iache dukani.

Kigezo cha pili ndicho ambacho mafundi wengi hukipuuza, nacho ni kipenyo cha bomba pale inapokaa sensa ya hewa. Sensa hiyo haipimi hewa yote. Hupima sehemu ndogo inayoupita waya wake, kisha kompyuta hukisia iliyobaki kwa kujua ukubwa wa bomba la awali. Tuseme bomba la kiwandani lina kipenyo cha milimita 60 na la kwako jipya lina inchi 3, yaani milimita 76. Eneo lake limeongezeka kwa asilimia 60, hewa inapita taratibu mbele ya sensa, na kompyuta inaamini kwamba hewa ni chache kuliko ilivyo, hivyo inatoa mafuta pungufu. Chukua rula, pima, wala usitosheke na maneno kwamba bomba hilo linaingia kwenye gari lolote. Bomba linaloingia kwenye gari lolote halikutengenezwa kwa ajili ya gari lako.

Uliza pia kama filta imepimwa kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 5011, ambayo huonyesha asilimia ya vumbi linalozuiwa na kiasi ambacho filta hubeba kabla ya kuziba. Tofauti ya asilimia 99 na 97 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ukiihesabu kwa vumbi linalopenya, filta ya pili inaingiza mara tatu ya lile la kwanza. Zaidi ya hapo, hakikisha kuna mahali pa kuunganisha mpira wa hewa ya injini unaotoka kwenye kofia ya vali, kuna mabano ya kulishikilia bomba lisitikisike kwenye barabara mbovu, na vibano vyake ni vya chuma kisichoshika kutu, maana kwa upepo wa bahari unaovuma Lindi kibano cha kawaida hakichukui muda kuliwa. Ubishi wa alumini na plastiki usikuchoshe: hewa inapita kwa kasi mno kiasi kwamba bomba halipati nafasi kubwa ya kuipasha joto.

Nasafirisha pembejeo za korosho kwa Probox, na njia zangu nyingi ni za vumbi. Ipi inafaa: filta ya karatasi, ya pamba yenye oili, ya sponji au ya wavu wa chuma? Na je, kupuliza filta kwa kompresa kunatosha? (Mfanyabiashara, Tandahimba)

Ya karatasi. Ya wavu wa chuma isahau kabisa, kwa kuwa huzuia majani na wadudu na kuacha vumbi laini lipite.

Vumbi linaloua injini ni lile ambalo jicho halilioni vizuri, chembe za mikroni 10 hivi au pungufu, ilhali unywele wa binadamu una mikroni 70 kwa wastani. Ndani yake mna chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha ringi na kuta za silinda. Zikiingia huchanganyika na oili na kusaga taratibu, hadi siku utakayoanza kuona gari linakula oili na kutoa moshi wa buluu asubuhi. Hapo gharama si ya filta tena.

Filta ya pamba yenye oili inaweza kufanya kazi vizuri ikihudumiwa kama inavyotakiwa: ioshwe kwa sabuni yake, ikauke kivulini, ipakwe oili kidogo na kwa usawa. Kwenye barabara zako kazi hiyo itajirudia mara nyingi, na nani atakubali kulaza gari kusubiri filta ikauke wakati mzigo wa salfa ya mikorosho unasubiriwa shambani? Ya sponji nayo inadai uangalizi uleule. Filta ya karatasi unaitoa, unaweka nyingine, unaondoka.

Kuhusu kompresa, lipo jambo linalowashangaza wengi: filta ya karatasi iliyotumika kiasi huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililotangulia hupunguza upana wa matundu. Kuipuliza kila wiki kunaondoa faida hiyo, na upepo mkali huweza kuichana karatasi mahali usipopaona. Ukilazimika, puliza kwa nguvu ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kisha imulike kwa tochi; ukiona nukta ya mwanga mkali, itupe. Kwa matumizi yako usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwani makadirio hayo ni ya barabara safi. Ikague mara kwa mara kuanzia Juni, wakulima wanapoanza kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa sababu unga ule ni laini sana na gari lililoegeshwa karibu na pampu inayofanya kazi, injini ikiwa inaunguruma, linauvuta wote.

Baada ya kufunga mfumo mpya taa ya injini imewaka, na gari linakosa nguvu likipanda Newala. Fundi amezima taa kwa mashine, siku ya pili imerudi. (Msomaji, Masasi)

Kuzima taa si matengenezo. Mwombe fundi akusomee namba ya hitilafu kabla hajaifuta. Namba P0171 ina maana kwamba hewa imezidi mafuta, na baada ya kazi kama hiyo visababishi vyake huwa vitatu: bomba pana kuliko la awali, kama nilivyomweleza kijana wa Lindi, mwanya kwenye kibano au mpira baada ya sensa, ambao unaingiza hewa isiyopimwa, au sensa iliyochafuka kwa oili ya filta iliyopakwa kupita kiasi. Namba P0102 au P0113 mara nyingi huonyesha kwamba soketi ya sensa haikurudishwa vizuri au waya umekatika.

Anza na mwanya kwa kuwa kuukagua hakugharimu kitu: sikiliza mfyonzo injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, kaza vibano, angalia mipira iliyopasuka. Sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza tu. Asiiguse kwa kitambaa wala kidole, maana waya wake ni mwembamba mno. Usikawie, kwa sababu injini inayopanda mlima ikiwa na mafuta pungufu huchemka ndani ya silinda na huanza kugonga. Usisahau pia kwamba kadiri unavyopanda kwenye uwanda wa Makonde hewa inapungua uzito, takriban asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa hiyo sehemu ndogo ya upungufu huo wa nguvu ni ya mlima wenyewe.

Fundi anasema nitoe kile kiboksi cha plastiki kilichopachikwa kwenye bomba la hewa kwa kuwa hakina kazi. (Msomaji, Nachingwea)

Kina kazi: kinameza mvumo wa hewa ili gari lisingurume. Ukikitoa utapata sauti, na sauti hiyo ndiyo ambayo wengi huichukulia kuwa nguvu. Kiache.

Nina Hilux ya dizeli na huenda Liwale hata wakati wa mvua. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi paani, inasaidia? Na kwa gari dogo, ule mfumo unaoshusha filta hadi nyuma ya bampa una hatari gani? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Snokeli inasaidia kwa mambo mawili, na la vumbi ni la kila siku kuliko la maji. Mdomo ulio juu ya paa huvuta hewa iliyo safi kuliko ile ya usawa wa magurudumu, hasa unapofuata lori, na ukiuwekea kofia ya bakuli inayozungusha hewa, vumbi zito hubaki kwenye bakuli kabla ya kufika kwenye filta. Kwa maji, snokeli haina maana kama boksi la filta lina tundu la kutolea maji au vumbi lililoachwa wazi na viungo visivyozibwa. Hewa itavutwa juu na maji yatavutwa chini. Wala haizuii maji kuingia kwenye difu na kwenye nyaya. Mei 2024 barabara kuu ilipokatwa na maji huko Somanga, hakuna snokeli ambayo ingeivusha gari kwenye mkondo ule.

Filta iliyoshushwa nyuma ya bampa huvuta hewa baridi kweli, lakini iko karibu na ardhi, na maji hayabanwi kama hewa. Injini ya cc 1500 yenye mbano wa 10.5 kwa 1 ina nafasi ya cc 39 tu juu ya pistoni inapofika kileleni, kwa hiyo vijiko vitatu vya chakula vya maji kwenye silinda moja vinatosha kuikwamisha pistoni na kupinda konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni. Ikitokea gari limezimika majini, usipige stata hata mara moja. Livutwe, plagi zitolewe kwanza, maji yatoke.

Nimenunua gari mkononi mwa mtu, tayari lina koni na boksi la kiwandani halipo. Nifanyeje nirudishe ya awali? (Mwalimu, Ruangwa)

Mwalimu, tafuta boksi lililotumika la modeli yako hasa kwa wauza spea za Japan, na uende na namba ya chasisi, kwa sababu IST ya cc 1300 na ya cc 1500, au inayosukumwa na magurudumu mawili na inayosukumwa na manne, zinaweza kutofautiana kwenye vipande vidogo. Nunua seti nzima: sehemu ya juu yenye kikao cha sensa, ya chini, klipu zote, mdomo wa mbele na mpira unaokwenda kwenye throtoli. Klipu moja iliyovunjika inaacha mwanya unaopitisha vumbi bila kugusa filta, na wenye magari huzifunga kwa waya na kuridhika.

Sensa iliyopo kwenye bomba la koni huenda ndiyo ya awali, hivyo itoe kwa uangalifu na uihamishe. Ukimaliza kufunga, weka filta mpya, tembelea gari kwa wiki mbili za matumizi ya kawaida, kisha fungua na upitishe kitambaa cheupe ndani ya boksi upande wa baada ya filta. Kikitoka safi, mfumo umefungika vizuri bila mwanya. Kikitoka na mstari wa vumbi jekundu, fuata mstari huo hadi kwenye ukingo unakoanzia, urekebishe hapo.