Re: Ukoka wangu hausambai, nifanyeje?

Mkuu, kama ukoka uko chini ya mwembe hapo Tabora na msimu mzima umebaki vishada vilevile, mbolea haitasaidia. Ukoka unataka jua. Kwenye kivuli kizito unasinyaa tu. Hapo panda nyasi za Pemba, zinavumilia kivuli zaidi.

Upande wenye jua, kagua ardhi. Ukoka hutambaa juu ya udongo, na kila kifundo kinahitaji udongo laini wenye unyevu ndipo kitoe mizizi. Uwanja unaofagiliwa kila asubuhi (na chelewa hazina huruma) unakuwa mgumu kama sakafu. Tifua, changanya samadi iliyooza, fukia vifundo kidogo, na fagio lisipite hapo. Subiri mvua za Novemba zishike. Kiangazi utamwagilia mpaka uchoke.