Je, Asiyepaza Sauti Haabudu?

SWALI: Mzee, shikamoo. Nauza samaki hapa Shella, Malindi. Kanisani wenzangu huruka na kulia wakisifu, mimi hukaa kimya. Mama mmoja ameniambia siabudu katika roho. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama huyo amekupa nusu ya andiko. Katika Yohana 4, mwanamke Msamaria aliuliza pa kuabudia: mlimani kwao au Yerusalemu? Yesu akamjibu kwamba waabuduo halisi humwabudu Baba katika roho na kweli. Sauti hakuitaja.

Yule mwanamke Hana, mama yake Samweli, alipoomba, midomo ilitikisika tu. Kuhani Eli akadhani amelewa! Daudi naye alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote. Wote wawili walikubaliwa, kwa hiyo usiwacheke wanaoruka.

Ila hiyo “kweli” ndiyo watu huipita mbio. Nabii Amosi aliwaambia Waisraeli kwamba Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo zao, na hao hao walikuwa wakingoja sabato iishe warudi sokoni na mizani ya udanganyifu. Hapo pakuhusu. Unapompimia mteja changu bila kuegemeza kidole kwenye mizani, wala hutii barafu samaki wa juzi ukamwita wa leo, unaabudu, hata kama unanuka shombo. Paulo aliwaandikia Warumi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, na mwili wako mchana kutwa uko mezani pa samaki.

Na huyo mama, kama mmenuniana, patana naye kabla ya sadaka ya Jumapili. Soma Mathayo 5:23.