Re: Kukwoti mtu aliyemkwoti mwingine – USITUME KWANZA

Mkuu umeandika "naweka mishale miwili (>>) kwa wa kwanza, mmoja (>) kwa aliyemjibu, halafu langu nalibandika chini hapohapo, si inatosha?" Haitoshi! Kama hujatuma acha, kama umetuma kimbia ukarekebishe sasa hivi, haya mengine utasoma ukirudi.

Mimi hicho kitu kiliniumbua mbele ya watu 40. Nilikuwa nakusanya majibizano ya kikundi chetu cha kazi, naandika kwa Markdown (ile namna ya kupanga maandishi kwa alama za kibodi, mashine inazigeuza kuwa maboksi na mapambo), na siku hiyo moto ulikuwa kwenye hesabu. Mhasibu wetu, mama mtu mzima anaheshimika, kasema kahakiki kila kitu. Mwenyekiti kamjibu asante. Mimi nikaona nitie neno, nikaandika hivi:

```
Mhasibu:

>> Hesabu zote nimezihakiki mwenyewe.
> Asante mama, tuendelee.
Hapana, kuna hela hapa imeliwa.
```

Iangalie vizuri. Kwa macho yako ni watu watatu, si ndio? Mashine haikuona watu watatu bwana. Kilichotoka kwenye skrini ni boksi ndani ya boksi, na mle ndani sentensi zote tatu zimefuatana kama mtu mmoja anaongea: "Hesabu zote nimezihakiki mwenyewe. Asante mama, tuendelee. Hapana, kuna hela hapa imeliwa." Na juu yake jina la mhasibu peke yake. Yaani mama wa watu kajisifu, kajishukuru, kajiita mama, halafu kajikamatisha mwenyewe, yote kwa vidole vyangu.

Nikatuma nikalala. Asubuhi nakuta simu 11 sijapokea, nikajua labda kuna msiba. Msiba ulikuwa mimi. Jaribu wewe kumweleza mtu mzima aliyekasirika kwamba "samahani mama, tatizo ni mshale", uone anavyokuangalia. Niliomba radhi kwenye kikao, nikanyang'anywa kazi ya kuandika (sikuipenda sana hata hivyo, najifariji), na mpaka leo nikimpa shikamoo anaitikia "mm" huku anatazama pembeni.

Na sasa nimseme aliyenifundisha, mjuaji mmoja hivi, kila kitu kwake rahisi. "Weka mishale tu, mmoja kwa kila ngazi, basi." Basi nini?! Yeye kazoea barua pepe za zamani, kule kila mstari unaonekana kama ulivyoandikwa na mshale wake mbele, hakuna kinachoungana. John Gruber alipoitoa Markdown mwaka 2004 mshale aliuazima hukohuko kwenye barua pepe, sawa, ila huku mistari iliyoshikana inahesabiwa aya moja. Ukipunguza mshale katikati ya aya, mashine inakuchukulia mvivu tu, kwamba umechoka kuuandika, kwa hiyo inakusaidia (asante sana) na kuendelea na boksi lilelile la ndani. Nilipomfuata jamaa akanijibu "mbona kwangu inakubali". Inakubali kwa sababu alijaribu kupanda tu! Kutoka mshale mmoja kwenda miwili programu nyingi za siku hizi zinafungua boksi jipya bila shida, hapo ndo wengi tunadanganyika. Balaa liko kwenye kushuka, na majibu yote yako kwenye kushuka.

Kwa hiyo ukipunguza mshale, UKATE KWANZA. Hivi:

```
>> Hesabu zote nimezihakiki mwenyewe.
>
> Asante mama, tuendelee.

Hapana, kuna hela hapa imeliwa.
```

Umeona ule mshale uliokaa peke yake hauna neno? Huo ndo ungeniokoa. Unalitoa neno la mwenyekiti kwenye boksi la mhasibu. Halafu kabla ya maneno yako mwenyewe, mstari mtupu kabisa, hata mshale usiwepo, bonyeza enta mara mbili. Na majina weka ndani ya boksi la kila mtu, usifanye kama mimi jina moja juu halafu linabeba dhambi za wote.

Zile alama za mabano mraba ulizouliza, za BBCode kule kwenye majukwaa ([quote] kufungua, [/quote] kufunga), zina njia yake, ya mwisho kufunguliwa ndo ya kwanza kufungwa, kama sufuria zilizoingiliana huwezi kufunika ya nje kabla ya ndani. Kule angalau ukikosea kila kitu kinavurugika waziwazi unashtuka. Huku kwenye mishale inatoka safi, imepangika vizuri, ila aliyesema siye. Angalia kilichotoka kabla hujatuma, usiangalie ulichoandika.

Kuna lingine uliuliza, sijui la kwenye simu au la rangi, nimeshasahau na hasira zimenipanda upya hapa. Ila niambie kwanza, ulishatuma au bado?