Marejeo ni ngamani

"Bi Mkubwa, assalamu alaykum. Mimi ni mwanamme wa miaka 38, mzaliwa wa Micheweni, Pemba. Kwa sasa niko Mjini, Unguja. Mke wangu na watoto wetu watatu wako Micheweni. Tangu 2011 nimepita kazi sita: ualimu wa skuli, duka la ami yangu Darajani, stoo ya hoteli Nungwi mpaka ilipokuja korona, kusimamia uchumaji wa karafuu, dagaa katika diko la Kama, pwani wanakoshushia wavuvi, na sasa bodaboda. Kila pahala nilikutana na watu wenye roho mbaya. Wananicheka, lakini mimi naamini Mwenyezi Mungu ananipitisha njia ndefu kama aliyompitisha Nabii Yusuf. Sasa nimepata mtu wa kunipeleka Maskati. Nimeswali istikhara, nikaota nimo ndani ya ndege. Kilichobaki ni pesa. Mke wangu analima mwani na ana akiba kwenye kikundi chao, amekataa kunipa. Hana imani na mimi. Ni bakhili hata kwa nafsi yake, viatu vya kuingilia baharini hanunui, anakwenda pekupeku. Ananiambia nirudi nishike daftari na mizani ya kikundi. Kazi ya wanawake hiyo! Nimfanye nini alielewe kusudi la Mungu kwangu?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Pole, maana kuchekwa kunauma, na kuanza upya kila mara kwa umri wako si jambo jepesi. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namuona mkeo nyuma ya maneno yako, kamba za mwani mkononi, anasubiri umalize kusema.

Nabii Yusuf umemleta mwenyewe, basi tumtazame. Kisimani alitupwa na nduguze. Misri alifikishwa na waliomuuza. Gerezani alitiwa kwa uzushi. Hakuna hata pahala pamoja alipoondoka kwa sababu amechoka au amemkasirikia mtu. Wewe skuli uliiacha, duka la ami yako uliliacha, shamba la karafuu uliliacha, diko uliliacha. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020, hapo nakukubalia, ulisukumwa kama walivyosukumwa vijana wengi wa Nungwi na Kiwengwa. Kisima chako ni hicho kimoja. Kona nyengine zote umezipinda kwa mkono wako, na sasa unamsingizia Mungu.

Na hao wenye roho mbaya, mbona wametawanyika Unguja na Pemba nzima? Mwalimu mkuu, ami yako, mwenye shamba, wavuvi wa Kama, na sasa mkeo. Kila nyumba unayoingia ikinuka, mwanangu, angalia kandambili zako. Mkarafuu ukiupanda leo, utasubiri miaka kama sita ndipo uanze kuchuma. Wewe miaka 14 na zaidi umeng'oa miche minne.

Istikhara nayo haiagui ndoto. Dua yake tunaijua sote: kama jambo hili lina kheri na mimi katika dini yangu na maisha yangu, nirahisishie, na kama lina shari, liepushe na mimi na mimi niepushe nalo. Umeomba. Kilichotokea baada ya kuomba ni kwamba pesa zimekosekana. Wewe umeishika ndege uliyoiota usingizini, ukayaacha yaliyokufika ukiwa macho. Mimi naona umejibiwa, na jibu limepita kinywani mwa mkeo.

Hili la pesa zake nitalisema kwa sauti, kwa sababu barua za namna hii nazipokea nyingi. Waume wa zama hizi kila mmoja anataka apate Bi Khadija. Wanasahau kwamba Bi Khadija alimkabidhi Mtume mali ya biashara kwa sababu mji mzima ulikuwa ukimuita Mwaminifu, na msafara wa Sham ukarudi na faida kabla posa haijatajwa. Uaminifu ulitangulia. Kwetu mali ya mke ni ya mke. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Akikusaidia amekufanyia hisani, na hisani haidaiwi wala haiandikiwi barua ya mashtaka. Siku hizi ndoa zinavunjika kwa neno hili, "hanipi moyo", na ukiuliza, huo moyo unaotakiwa ni noti. Mwanamke aliyezaa, akalea, akalisha peke yake, anaambiwa hana imani! Umeniandikia mambo mengi, lakini hujaniandikia watoto watatu wanakula nini mwezi huu na nani analipa. Sikuhitaji kuambiwa.

Mwani haulimwi barazani. Maji ya bamvua yakitoka mbali, anatoka nayo, anainama kufunga mbegu moja moja kwenye kamba, mgongo juani, miguu kwenye mawe na miba ya bahari. Wiki sita baadaye anavuna, anabeba ukiwa umelowa, anaanika, anageuza, mvua ikija anakimbilia kuuanua. Mwanamke wa namna hiyo asiponunua viatu, huo si ubakhili. Kuna mtoto amenunuliwa daftari.

Sasa kuna jambo umeliandika bila kulijua, nalo ndilo lililonifanya nikujibu. Hotelini ulishika stoo. Kwenye karafuu umesema ulisimamia uchumaji, na msimamizi kazi yake ni kuhesabu pishi za kila mchumaji jioni ili alipwe haki yake. Diko la Kama ni ndoo za dagaa zinaingia, magunia makavu yanatoka kwenda kwa wanunuzi, Wakongo wakiwemo, na lazima awepo mtu wa kuandika. Dukani Darajani hivyo hivyo. Yusuf naye alipotolewa gerezani aliomba nini? Aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akasema yeye ni mlinzi mjuzi. Mtunza stoo, mwanangu! Akahifadhi chakula cha miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Umeisoma sura nzima ukashika safari, kazi yake ukairuka.

Mkeo amekuona. Mwani mkavu unauzwa kwa kilo, na asiyejua kilo zake hupokea anachopewa. Wale wanawake wanahitaji mtu wa kusimama kwenye mizani ya mnunuzi na kuandika jina la kila mmoja na uzito wake, mtu aliyewahi kusomesha, anayejua hesabu za stoo. Amekuita wewe, ukaona aibu. Wazee wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: uende nyuma ya chombo au mbele, mwisho utarudi chini katikati. Na ngamani ndiko yanakotekwa maji yanayoingia chomboni.

Maskati iache. Bodaboda ikiwa ni ya mtu mrejeshee, ikiwa yako panda boti nayo, hata Micheweni kuna abiria. Mkeo usimueleze kusudi la Mungu. Muombe radhi, kisha muulize daftari liko wapi. Na ulishike hilo, hata kama wanakikundi watakusema, hata kama mwezi wa tatu utachoka kama ulivyochoka kwengine.

Kabla hujapanda boti pita Darajani ununue viatu vya mpira vya kuingilia baharini. Kama huijui namba ya mguu wake, mpigie simu mwanao mkubwa akaupime kwa uzi.