Maji Yametakata, Lakini Sumu Je?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Natengeneza batiki nyumbani, Morogoro. Maji yanayobaki yana rangi, kostiki soda na haidrosalfaiti. Nayatuliza kwa shabu mpaka yatakate, kisha nayamwaga mferejini, nao unaishia kwenye bustani za mchicha. Jirani anasema yana sumu. Nitahakikishaje?

JIBU: Marahaba. Shabu hukusanya rangi ikazama chini, ila haiondoi chumvi zilizoyeyuka, na ukiizidisha maji huwa makali kama ndimu na alumini hubaki humo. Alumini kwenye maji ya namna hiyo hudumaza mizizi. Kwa hiyo kutakata hakuthibitishi lolote. Pima kwa vitunguu maji. Albert Levan wa Sweden alichunguza kemikali kwa mizizi ya vitunguu tangu 1938.

Nunua vitunguu vidogo, vikavu, vinavyolingana, visivyoanza kuchipua. Andaa vipimo vitano: maji safi matupu, kisha majitaka ya asilimia 12.5, 25, 50 na 100. Kwa asilimia 25, weka mililita 250 za majitaka, jaza maji safi hadi lita moja. Maji safi yawe ya kisima. Ya bomba yalaze usiku mzima kwenye beseni wazi ili klorini iondoke.

Kila kipimo kipate vitunguu 12. Menya ganda la nje, kisha kwa ncha ya kisu kwangua kile kisahani cha kahawia katikati ya kitako, bila kugusa duara la vidoa vinavyokizunguka: humo ndimo mizizi inamotokea. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukikata duara, kitunguu hakitaota hata kwenye maji safi. Kikalishe kwenye mdomo wa kichupa, kitako kiguse maji, mbali na jua. Badilisha maji kila siku kwa sampuli ileile iliyokaa kwenye friji, ikishaondokewa na ubaridi.

Baada ya saa 72, toa viwili vilivyodorora zaidi katika kila kipimo, upime kwa rula shada la mizizi la vile 10. Mizizi mizima ni myeupe na iliyonyooka. Iliyodhurika ni mifupi, ya kahawia, ncha zimevimba au zimepinda kama ndoana. Tuseme maji safi yametoa wastani wa milimita 40 na asilimia 25 ikatoa 20: ukuaji umepungua nusu. Gawa 100 kwa 25, unapata vizio 4 vya sumu, yaani majitaka yakizimuliwa mara 4 bado hupunguza ukuaji nusu.

Sasa utajuaje kama mkosaji ni kostiki? Rudia jaribio kwa sampuli uliyoirekebisha hadi pH 7, yaani isiwe na ukali wa asidi wala wa kostiki, kwa matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Siki usiitumie, nayo hudumaza mizizi. Fanya kazi hii nje, ukivaa glavu na miwani, baada ya kuyapulizia maji hewa kwa pampu ya tangi la samaki, maana haidrosalfaiti ikikutana na asidi hutoa gesi kali inayobana kifua. Mizizi ikipona, kostiki ndiyo ilikuwa tatizo kubwa. Isipopona, kuna kingine, peleka sampuli maabara. Metali zinazojikusanya polepole kwenye mchicha kitunguu hakitakuonyesha, kwa hiyo mferejini usimwage hadi ujue.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa maabara. Nilipima majitaka ya kiwanda kwa viroboto wa maji, Daphnia magna, vijidudu vidogo vya maji baridi. Kwenye maji safi, wanne kati ya 20 waliacha kuogelea. Naweza kutumia matokeo?

JIBU: Hapana. Mwongozo namba 202 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa taratibu za kupima kemikali, unaruhusu asilimia 10 tu, yaani wawili kati ya 20. Tupa matokeo, utafute chanzo.

Anza na pipeti, mrija wa kuhamishia viroboto. Ukimdondosha kiroboto kutoka juu, hewa hunasa chini ya gamba lake, anaelea akishikiliwa na utando wa juu ya maji, nawe unamhesabu amedhurika. Zamisha ncha ndani ya maji ndipo umwachie, na mdomo wa pipeti uwe mpana. Halafu angalia umri: wawe chini ya saa 24. Joto liwe nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha nyuzi 29 kinaharibu jaribio. Mabaki ya sabuni kwenye bika (glasi ya maabara) na shaba ya mabomba huua pia.

Ukirudia, weka watano kwa kila bika, mililita 10 au zaidi, bila chakula, kwa saa 48. Asiyeogelea ndani ya sekunde 15 baada ya kutikisa bika taratibu ndiye unayemhesabu. Wajaribu pia kwa potasiamu daikromati, kemikali ya kuhakiki kama viroboto wako wako sawa: kiwango kinachozuia nusu yao kwa saa 24 kiwe kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita.

SWALI: Natengeneza sabuni ya maji. Nikiweka perege mmoja kwenye ndoo yenye sabuni, inatosha?

JIBU: Haitoshi, tena unamtesa bure. Sabuni hushambulia matamvua, naye anaweza kufa kwa kukosa hewa ya ndoo tu, usijue kipi kimemuua. Jaribio rasmi la samaki hutaka angalau saba kwa kila kipimo, kwa saa 96. Tumia vitunguu kwanza, kwa utaratibu ule ule wa batiki.