Re: Superman mpya ni mbaya kweli?

Ndugu, umeuliza kama filamu ya Superman ya 2025 ni mbaya maana watu wanagombana. Si mbaya bwana, shida ni mwongozaji James Gunn kagusa ule ujumbe wa wazazi wa Superman kutoka sayari yao ya Krypton (kama hujaona ruka hapa), sasa wanamwambia mtoto akawatawale binadamu, si kuwasaidia, hapo ndio mashabiki wa zamani wakachemka. Mimi nilienda kibanda cha video hapa Arua, Uganda, VJ (msimulizi wa filamu) anatafsiri, Superman kaanguka kwenye theluji damu mdomoni anapiga mluzi, yule mbwa wake Krypto akatokea basi benchi letu zima likasimama, karanga zangu zote chini. Corenswet, anayeigiza Superman, anafaa sana tu. Nenda, ila usikae karibu na spika.