Kwa nini Antiokia, si Yerusalemu?

Ndugu, umeuliza kwa nini safari za Paulo zinaanzia Antiokia wakati kanisa lilizaliwa Yerusalemu. Soma Matendo ya Mitume sura ya 11 polepole. Baada ya Stefano kuuawa, waumini walitawanyika, na wengi wao walihubiri kwa Wayahudi tu. Ila watu wa kisiwa cha Kipro na mji wa Kirene walipofika Antiokia ya Shamu (Siria) wakazungumza na Wayunani (Wagiriki, wasio Wayahudi) pia. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na walioufungua hata majina yao hatuyajui! Barnaba alipotumwa na kanisa la Yerusalemu kuangalia, alifurahi, akamfuata Sauli (ndiye Paulo) kule Tarso, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Jina "Wakristo" lilianzia hapo.

Kisha angalia Matendo 13:1, mstari ambao wengi tunaupita haraka. Viongozi ni watano: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri (yaani mweusi), Lukio wa Kirene, ambayo leo iko Libya, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Kanisa lenye meza ya namna hiyo lisingeweza kubaki na Injili nyumbani. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono wawili, Barnaba na Sauli, hao wakashuka bandari ya Seleukia na kupanda chombo kwenda Kipro. Waliporudi, walitoa taarifa kwa kanisa lililowatuma.

Usiichanganye na Antiokia ya Pisidia, ile ya sura hiyohiyo ya 13 kuanzia mstari wa 14. Hii ya Shamu leo ni Antakya, Uturuki, mji ulioharibiwa vibaya na tetemeko la Februari 2023.